Kilo zilizo juu ya paa

Pale Chimala, kilomita 78 mashariki ya Mbeya, barabara kuu ya lami inaendelea na safari yake kandokando ya uwanda wa Usangu, na barabara ya vumbi inachepuka kuelekea kusini, kwenye ukuta wa mlima. Wenyeji wanaiita Hamsini na Saba. Ndiyo hesabu ya kona zake kabla hujafika Matamba na kuendelea hadi Hifadhi ya Kitulo. Februari 2019 tulisimama pale kununua ndizi, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, gari limesheheni hadi juu ya paa. Mzee mmoja aliyekuwa akigongagonga tairi za Fuso yake iliyobeba mbolea akatutazama, akalizunguka gari letu taratibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo mara yako ya kwanza kupanda?"

"Ndiyo, mzee."

Akawapungia watoto mkono, kisha akainua kidole kuelekea kwenye keria. "Huo mzigo wa juu ushushe. Kupanda utapanda. Kushuka ndiko kunakonitia wasiwasi, na una watoto humo."

Tuliushusha. Huku nikishusha, nilipiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga nikiwa nyumbani. Keria ya mabomba ya chuma, kilo 45. Tairi mbili za akiba, kilo 60. Madumu mawili ya dizeli ya lita 20 kila moja, pamoja na chuma chake, kilo 42. Sanduku la vyombo vya kupikia, kilo 30. Hema, kilo 15. Jumla kilo 192, sawa na watu wazima watatu waliokaa juu ya paa kwenye kona kali huku watoto wangu wakiwa wamekaa chini yao. Watengenezaji wa magari huandika kikomo cha mzigo wa paa kwenye kitabu cha gari, na kwa magari mengi ya familia kikomo hicho ni kati ya kilo 75 na 100, keria yenyewe ikiwemo. Kitabu hicho kilikuwa kwenye kiboksi cha dashibodi. Sikuwahi kukifungua.

Gari letu ni Toyota Land Cruiser Prado ya 1999, injini ya dizeli ya 1KZ yenye turbo na ujazo wa cc 2,982, iliyokuja nchini ikiwa mtumba kutoka Japani kama nyingi za rika lake. Ni gari linalofaa kazi hii. Ekseli ya nyuma ni ya kipande kimoja, tairi zote nne zinavuta wakati wote, difu ya kati inafungika, na lina gia nzito kwa ajili ya milima na matope. Lilikuwa na uwezo wa kufika mahali pengi kuliko uwezo wangu wa kuliendesha. Lakini nilipoanza kuliandaa kwa safari za familia, fedha ya mwanzo niliipeleka kwenye vitu vinavyoonekana: bampa la chuma, taa nne za mbele, keria ndefu iliyochomelewa gereji ya mtaani, ngazi ya nyuma. Tairi zilibaki zile zile. Breki sikuzigusa. Naandika makala haya kwa sababu kila wiki naona barabarani magari ya kifamilia yaliyoandaliwa kwa mpangilio huo huo, na ndani yake kuna watoto.

Mpangilio sahihi unaanzia chini. Tairi kwanza, kisha breki, kisha springi na shokapu, kisha vifaa vya kujikwamua. Vingine vyote vinasubiri, na vingi vyake ukishafanya safari mbili tatu utagundua huvihitaji.

Tairi ndiyo sehemu pekee ya gari inayogusa ardhi, na kila moja inagusa kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Madereva wa malori husifu tairi za kashata, na kwa matope wana haki: yale mapengo mapana kati ya vitofali vya mpira yanautupa udongo nje kila tairi linapozunguka, kwa hiyo linakuwa na meno mapya ya kung'ata. Tairi la lami likishajaa udongo mweusi wa mbugani linageuka gurudumu laini la tope, na hapo hata ukifunga difu zote utateleza tu. Lakini kashata kamili linanguruma kwenye lami, linakula mafuta, na lami ikilowa halishiki vizuri. Familia inayotoka Dar es Salaam kwenda Kitulo inatembea zaidi ya kilomita 700 za lami kabla ya kukutana na vumbi la Chimala. Kwa safari ya namna hiyo mimi nachagua tairi za kati, zile zinazouzwa kwa jina la A/T, zenye ukuta mnene na herufi LT mwanzoni mwa namba za saizi. Anayeishi kijijini na kutembea kwenye tope miezi mitano kwa mwaka achague kashata bila kusita.

Ukinunua tairi, hasa la mtumba, tafuta ubavuni namba nne zilizo mwisho wa maandishi ya DOT. Zikisomeka 2315, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa stoo, na watengenezaji wengi wanasema tairi lililofikisha miaka 10 liondolewe hata kama kashata zake zimesimama. Niliposoma za kwangu baada ya safari ile, moja ya tairi za nyuma lilikuwa na umri wa miaka 13. Lilionekana zuri kabisa.

Halafu kuna upepo. Hili ni badiliko lisilogharimu kitu, na ndilo lenye nguvu kuliko yote niliyowahi kulifanyia gari. Tairi lililojazwa PSI 35 kwa ajili ya lami linaruka juu ya makorogesheni, linachomwa na mawe makali, na kwenye mchanga linachimba kaburi lake. Ukishusha hadi 25 kwenye barabara mbovu ya changarawe, tairi linalainika na kulikumbatia jiwe. Watoto wanaacha kutikisika, na keria inaacha kulia. Kwenye mchanga mzito, 18 au hata 15, alama ya tairi inarefuka na gari linaelea juu ya mchanga badala ya kuzama. Masharti ni mawili: uende polepole, usikate kona kwa ghafla, maana tairi lenye upepo mdogo linaweza kuchomoka kwenye rimu; na uwe na pampu ya umeme inayofungwa moja kwa moja kwenye betri ili ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Pampu hiyo na kipimo chake cha upepo nimeviweka mbele ya winchi, mbele ya taa, mbele ya kila kitu.

Kuhusu tairi kubwa kuliko za kiwandani, nina neno moja. Prado hii ilitoka na tairi za 265/70R16. Ukiweka 285/75R16 kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 7 hivi. Dashibodi ikisema 80, unakwenda karibu 86. Gia zinakuwa nzito, breki zina kazi kubwa zaidi ya kusimamisha gurudumu kubwa zaidi, na ukikata kona tairi linasugua bampa la ndani. Kwa familia haina faida ya kulingana na gharama hiyo.

Sasa nirudi Hamsini na Saba, upande wa kushuka. Kitulo hatukupata shida. Siku tatu baadaye tulianza kurudi, keria ikiwa tupu isipokuwa hema. Karibu na nusu ya mteremko pedali ya breki ikaanza kulainika. Nikiikanyaga inakwenda chini zaidi kuliko kawaida. Harufu kama ya kitambaa kilichoungua ikaingia ndani, na binti yetu wa miaka tisa akauliza nini kinaungua. Nilikuwa nimetelemka kona zote zile nikiwa kwenye gia ya D, mguu juu ya breki. Nikasimama pahali penye upana, nikaweka mawe nyuma na mbele ya tairi, tukakaa dakika arobaini tukitazama mashamba ya Usangu yaliyokuwa chini yetu. Kisha nikaingiza gia nzito, nikaliacha gari lijizuie lenyewe kwa injini, nikashuka kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Breki sikuzihitaji ila kwenye kona.

Fundi aliyefungua breki zile baadaye alinionyesha mafuta yake. Yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, wakati mapya yanakaribia kuwa meupe kama maji. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka. Yale ya DOT 3, yakiwa mapya, huchemka kwenye nyuzi joto 205 au zaidi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachoruhusiwa kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Ndiyo maana pedali inazama na gari halisimami. Kuyabadilisha kila miaka miwili ni kazi ya saa moja na fedha isiyofika bei ya taa moja ya bampa. Kama ningebeba zile kilo 192 siku ile, sina hakika ningefika kwenye ule upana.

Springi na shokapu zina kishawishi chake. Kuinua gari kunapendeza macho, na sentimita 5 zina maana halisi kwenye barabara yenye makorongo na mawe. Zaidi ya hapo, kwa gari lenye jointi huru za mbele kama Prado, zile ekseli fupi zinakaa kwa pembe kali na jointi zinachakaa upesi, alaimenti inakosa nafasi ya kurekebishika, na gari linakuwa na kichwa kizito kwenye kona. Jambo la kuamua kabla ya urefu ni uzito. Gereji za Arusha zimejenga ujuzi mkubwa wa kukata na kurefusha Land Cruiser za 70 kwa ajili ya watalii, kuziwekea paa linaloinuka na springi nzito, na mtu akiona zinavyomudu mashimo ya Serengeti anataka springi zile zile. Magari yale yanabeba mzigo na watu kila siku. Gari la familia linabeba mzigo mara nne kwa mwaka na siku nyingine linapeleka watoto shule. Springi ngumu kwenye gari tupu zinalifanya tairi lidunde, na tairi linalodunda halishiki barabara wala halisimami upesi. Mwambie fundi ukweli kuhusu mzigo unaoubeba siku nyingi, usimwambie mzigo wa ndoto yako.

Kuna pia suala la hewa ya juu. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo kule juu imebaki na robo tatu tu. Yenye turbo inavumilia zaidi, ila inachemka ukiisukuma na mzigo mzito kwa gia ndogo muda mrefu, na 1KZ inajulikana kwa mafundi wote kwa kupasua kichwa cha silinda ikizidiwa na joto. Rejeta isafishwe, mfuniko wake ukaguliwe, feni isikilizwe. Lile bampa la chuma na taa nne zilizokuwa zikiziba hewa mbele ya rejeta nimeviuza.

Maji yanahitaji heshima zaidi ya vifaa. Lile bomba jeusi linalopanda kandokando ya kioo cha mbele, ambalo mafundi huliita snokeli, lina kazi nzuri hata pasipo na mto: linavuta hewa ya juu, mbali na vumbi la gari lililo mbele, na chujio la hewa linadumu. Kwa maji, linazuia injini isimeze. Silinda ikimeza maji, pistoni inajaribu kuyabana, maji hayabaniki, na konradi inapinda. Lakini snokeli haifanyi gari kuwa zito. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kusomba gari dogo, na sentimita 60 huchukua magari mengi yakiwemo haya ya juu. Kila msimu wa masika tunasikia habari za gari lililosombwa darajani, na mara nyingi dereva aliona wenzake wamesimama ng'ambo wakisubiri. Ukiwa na watoto, maji yanayokwenda kasi hayavukwi. Yanasubiriwa, na mito mingi ya milimani hupungua mvua ikikatika kwa saa chache.

Kukwama ni jambo la kawaida, na kujikwamua ndiko kunakoumiza watu. Kamba ya nailoni inayovutika inahifadhi nguvu kama manati. Ikifungwa kwenye kile kichwa cha duara cha kuvutia trela na kichwa kikakatika, kinaruka kama risasi. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi. Funga kwenye ndoano iliyokazwa kwa boliti kwenye chesisi, mbele na nyuma, iliyoandikwa uzito inaoumudu. Tandika blanketi zito juu ya kamba katikati. Watoto na watazamaji wakae mbali, mara moja na nusu ya urefu wa kamba, na kamwe wasikae kwenye mstari wa kamba. Kwa kweli mara nyingi hutafika huko. Sepetu, vibao viwili vya kukwamulia na kushusha upepo vimetutoa kwenye tope kila mara tangu 2019, na vyote pamoja vina uzito mdogo kuliko winchi peke yake.

Ndani ya gari ndiko tulikobadilisha vitu vingi zaidi, na mke wangu ndiye aliyeongoza. Tulikuwa tukirundika mizigo nyuma ya siti hadi darini. Jeki lile refu la chuma, kilo 13, lilikuwa limelala juu ya magodoro, sawa na usawa wa visogo vya watoto. Akauliza, tukigonga ng'ombe linakwenda wapi? Siku ile ile tulinunua wavu wa kamba nene na kuufunga kwenye nguzo za gari, na vitu vizito vyote vikashuka sakafuni, karibu na ekseli, vikakazwa kwa mikanda. Dizeli ya akiba inafungwa nje, nyuma, kwenye kishikio cha chuma, maana dumu la mafuta ndani ya gari lenye watoto halina nafasi. Mikanda ya siti ya nyuma, iliyokuwa imepotelea chini ya viti, tuliifukua na kuijaribu. Mdogo anakaa kwenye kiti cha mtoto hata kwenye vumbi, tena hasa kwenye vumbi.

Jokofu la gari na betri ya pili tuliviacha. Chupa sita za maji zilizogandishwa nyumbani zinaweka nyama baridi kwa siku mbili, kisha zinakuwa maji ya kunywa. Maharage yanachemshwa nyumbani. Tangawizi mbichi iko karibu na mkono kwa ajili ya kichefuchefu cha kona. Kilo zilizopungua hapo zimekuwa nafasi ya blanketi, kwa kuwa usiku wa Kitulo unauma.

Neno kuhusu sheria. Ukibadilisha injini au rangi, kadi ya gari nayo lazima ibadilishwe Mamlaka ya Mapato (TRA), na kampuni ya bima iambiwe kila badiliko kubwa kabla ya ajali, kwa maandishi.

Na tulikwenda kuona nini? Maua. Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ni ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa kwa ajili ya mimea hasa. Wenyeji waliipa jina la Bustani ya Mungu kabla ya sisi wote. Kuna aina 45 za okidi za ardhini, na maua mengine ambayo sikuwa na majina yake. Binti yetu aliyachora kwenye daftari hadi penseli ikaisha. Mizizi ya okidi hizo ilikuwa ikichimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezwa chakula kiitwacho chikanda, na hilo ni moja ya mambo yaliyosukuma ulinzi wa eneo hilo. Katika misitu ya jirani anaishi kipunji, kima aliyetangazwa kwa dunia ya sayansi mwaka 2005 na kupewa jenasi yake mwaka uliofuata. Hatukumwona. Tulisikia ndege.

Pale kwenye nyasi niliona pia alama mbili za tairi zilizoacha njia na kukata katikati ya maua, zikazunguka na kurudi njiani. Mtu alikuwa akijaribu gari lake. Uwanda ule una udongo laini uliolowa, na mfereji wa tairi unakuwa njia ya maji mvua inayofuata. Hifadhini kuacha njia ni kosa, na mahali popote pengine penye nyasi, shamba au malisho ya mtu ni uharibifu. Gari linaandaliwa kwa ajili ya barabara mbovu. Barabara mbovu bado ni barabara, na tairi zibaki humo.

Maua ya Kitulo huanza kufunguka mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi Aprili, wakati huo huo mvua zikilainisha Hamsini na Saba. Anayetaka kupeleka watoto wake msimu huu, aanze na mafuta ya breki, asome namba ubavuni mwa tairi, na ashushe kila kilichoko juu ya paa akipime kwa kilo kimoja kimoja kabla ya kukirudisha.